Kadi ya Wino wa Kijani

Mashahidi wa kwanza walikuwa sisimizi, na kwa bahati nzuri hawakuhitaji kula kiapo.

Inspekta Waithaka alichuchumaa mbele ya sanduku, kofia gotini, akawatazama. Walitoka kwenye ufa wa sakafu, wakapanda mguu wa meza kwa mstari mmoja, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye ukanda wa karatasi uliobandikwa juu ya tundu la sanduku. Ukingo wa ukanda ule walikuwa wameshautafuna kama panya wa shule anavyotafuna daftari.

"Afande, umepoteza kitu?" akauliza Konstebo Muthoki kutoka mlangoni.

"Nahoji."

"Wakikupa majina uniambie niandike."

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, mwezi wa Agosti 1986, katika chumba cha nyuma cha kanisa moja la Tulia, pale mchungaji anapobadilishia kanzu. Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, refu kama mzinga wa nyuki, na mbele lilikuwa na kufuli. Kufuli lilikuwa zima. Upande wa nyuma ndio uliokuwa na maneno: bawaba mbili zilikuwa zimefunguliwa, na skrubu nane zilikuwa zimepangwa kwenye kingo ya dirisha, sawasawa, kama wanafunzi wa darasa la kwanza kwenye paredi.

"Umewahi kuona mwizi anapanga skrubu?" Waithaka akauliza.

"Mimi hata mume wangu sijamwona akipanga."

Watu wa kutoka Zombe hadi Kambu walilijua sanduku hilo. Kila Januari, Mwalimu Jonah Kisilu wa shule ya sekondari alichapisha kadi kwa mashine ya stensili, na kila mpenzi wa hoki aliandika kwenye kadi yake vile ambavyo vyuo sita vya ualimu vingefuatana kwenye ligi ya wanawake, wa kwanza hadi wa mwisho. Chini kulikuwa na swali la kuvunja sare: timu bingwa itafungwa mabao mangapi? Kadi zikaingia sandukuni, tundu likabandikwa karatasi yenye sahihi tatu, na sanduku likalala kanisani hadi Agosti. Siku ya kufunguliwa, kila kadi ilisomwa mbele ya watu, aliyekaribia ukweli kuliko wote akachukua baiskeli, na kadi zote zikachomwa moto papo hapo. Sheria ya kuchoma ilizaliwa mwaka wa 1984, wakati wanaume wawili wazima, mmoja wao mzee wa kanisa, walipoumana meno kwa ajili ya nafasi ya tano.

Kufungua kulikuwa kesho, saa nne. Na jana saa kumi kwaya ilikuwa imelikuta limeshafunguliwa; saa tisa lilikuwa bado zima.

Muthoki alikuwa amehesabu kadi mara mbili. "Mia mbili na kumi na tatu. Rejista inasema mia mbili na kumi na nne."

"Haijaongezwa hata moja?"

"Haijaongezwa. Imepungua moja. Namba themanini na saba." Akafungua rejista, akaweka kidole, halafu akakiondoa. "Mbinya Ndululu."

"Unamjua?"

"Alikuwa kipa wa Chuo cha Kilisa. Msichana wa hapa hapa Tulia. Homa ya uti wa mgongo, afande. Aliugua Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Mwezi wa tatu."

Waithaka akasimama, magoti yakalia. Mtu akitaka kuiba baiskeli kwa ujanja, anatia kadi mpya yenye majibu ya kweli. Hatoi kadi. Na akitoa, hatoi ya marehemu.

* * *

Aliyekuwa amepeleka mashtaka alikuwa nje, ameegemea baiskeli yenyewe, ikiwa bado imefungwa karatasi za dukani. Bwana Ng'ang'a alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na ndiye aliyetoa zawadi.

"Inspekta, wewe ni mtu wetu wa nyumbani," akaanza, sauti chini. "Sitaki maneno mengi. Huyu mwalimu amefungua sanduku kabla ya siku yake. Mshike, shindano life, mimi nirudi na baiskeli yangu Kambu."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilileta baiskeli."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa hivi. Lakini mlango wa nyuma sikuukaribia!"

"Mtu aliyetoa zawadi anaruhusiwa kubashiri?"

"Hapana. Ni sheria."

Waithaka akageuza kurasa za rejista pole pole, kama mtu anayetafuta wimbo kwenye kitabu cha nyimbo. "Namba mia moja na tisa. Wariara wa Kambu. Mke wako anaitwa nani, Bwana Ng'ang'a?"

Ng'ang'a akatazama kengele ya baiskeli.

"Anapenda hoki sana?" Muthoki akamsaidia.

"Anapenda... kidogo."

"Kadi yake imo sandukuni bado," Waithaka akasema. "Nimeisoma. Amekosa vyuo vinne, kwa hivyo baiskeli hangeipata hata shindano likiishi. Keti hapo kwenye kivuli. Usiende Kambu."

Mwizi wa skrubu hakuwa huyu. Ng'ang'a aliuza bisibisi, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya kupokea, si ya kupanga. Hata hivyo mashtaka yalikuwa yameshaandikwa, na mwalimu mkuu wa shule ya sekondari alikuwa ametuma ujumbe kwamba mwalimu atakayelala korokoroni asijisumbue kurudi darasani. Ikifika jioni, Waithaka angekuwa na mtu mwingine wa kumwandika, ama angemchukua Jonah Kisilu.

* * *

Jonah alihojiwa ndani ya kanisa, kwenye benchi la mbele. Muthoki alibaki chumba cha nyuma akifunga kadi kwa uzi. Mwalimu alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na saba, koti limemlegea kama lilikuwa la kaka yake mnene. Halikuwa la kaka yake. Lilikuwa lake, la mwezi wa pili, kabla hajakonda.

"Ukanda wa tundu uliubandika wewe?"

"Ndiyo, Inspekta. Januari thelathini na moja."

"Kwa gundi gani?"

"Ya chupa. Ile ya ofisini, inayonuka."

"Si ya unga?"

"Unga?" Jonah alishangaa kweli. "Shule ina gundi."

Waithaka akaandika. "Ufunguo wa kufuli?"

"Anao mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mama Kalunde. Tulimchagua kwa sababu hakuna mtu Tulia anayeweza kusema mama huyo ni mwongo."

"Na jana, saa tisa hadi saa kumi, kabla kwaya haijafika, wewe ulikuwa wapi?"

Jonah akageuza kichwa. Akatazama mlango wa chumba cha nyuma, ulikuwa umefungwa.

"Nilikuwa nyumbani kwake. Kwa Mama Kalunde. Tulikuwa jikoni, tunakunywa chai, tunapanga mambo ya kesho."

"Nyinyi wawili tu?"

"Sisi wawili."

"Atasema hivyo?"

"Muulize."

Nyumba ya Kalunde ilikuwa mwendo wa dakika kumi, chini ya kanisa. Walimkuta jikoni akichambua mbaazi kwenye uteo, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa, na juu ya kalenda picha ya gazeti: wasichana kumi na mmoja wenye magongo, na mmoja amevaa pedi kubwa za miguuni, anacheka macho yamefungika. Sisimizi walikuwa wakizunguka ukingo wa picha.

"Karibuni. Kaa, mwanangu," akamwambia Muthoki. "Mzee, kiti ni hicho, mguu mmoja ni mgonjwa, ukalie pole."

Waithaka akaukalia pole. "Mama, jana saa tisa, Mwalimu Jonah Kisilu alikuwa wapi?"

Mkono uliokuwa kwenye mbaazi ukasimama. "Amesema alikuwa wapi?"

"Nakuuliza wewe."

"Kama amesema alikuwa hapa, alikuwa hapa."

"Alikuwa akifanya nini?"

"Mtu akiwa jikoni anafanya nini? Chai."

"Nyinyi wawili?"

"Wawili," akasema Kalunde, na akaanza kuchambua tena, haraka, nzuri na mbovu zikaanguka pamoja.

Waithaka akafunga daftari. Mwanamke asiyesema uongo amesema. Alimshukuru, akatoka, akafika kwenye njia kabla hajagundua kwamba Muthoki hakuwa akitembea. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Nini?"

"Afande, huyo mama amedanganya."

"Yule yule ambaye hakuna mtu Tulia—"

"Huyo huyo. Na mwalimu naye ndiye aliyekupa hiyo ya chai?"

"Ndiyo."

Muthoki akacheka, lakini cheko halikufika mbali. "Angenipa mimi, ningemfunga pingu kabla hajamaliza. Jonah alikuwa amuoe Mbinya, binti ya huyu mama. Desemba alileta hapa mbuzi watatu wa ntheo. Mbuzi hao wakishapokelewa, kwetu huyo ni mke wako, na mama yake ni nthoni. Hukai naye chumba kimoja. Huli mbele yake. Ukimwona njiani unaingia kichakani mpaka apite. Hata jina lake yule mama hakulitaja, uliona? Alisema 'amesema', 'alikuwa'."

"Lakini hawa ni watu wa kanisa. Wameokoka."

"Wokovu ni wa Jumapili, afande. Nthoni ni ya wiki nzima. Siku ya mazishi Jonah alisimama nje ya ua, peke yake, kwa sababu mama alikuwa kando ya kaburi. Eti leo wanakunywa chai jikoni, wawili! Heri angekwambia alikuwa mwezini."

"Basi kwa nini achague uongo wa kipumbavu namna hiyo?"

"Si wa kipumbavu. Wewe ni mtu wa Nyeri. Na alijua hakuna Mkamba atakayewaketisha wale wawili uso kwa uso kuwalinganisha. Mimi mwenyewe siwezi."

Waithaka akageuka akatazama moshi wa jiko la Kalunde. "Na mama? Hakupangana naye. Hawezi kupangana naye. Kwa nini akubali?"

"Hapo sijui."

"Mimi najua," akasema Waithaka. "Sanduku limefunguliwa mara mbili."

Akahesabu kwa vidole. Aliyefungua mara ya pili, jana, hakuwa na ufunguo, ndiyo maana alitoa skrubu. Na alikusudia kuzirudisha, ndiyo maana alizipanga. Kwaya ikaja mapema, akakimbia. Aliyefungua mara ya kwanza alikuwa na ufunguo. Alifungua mfuniko, ukanda wa karatasi uliovuka ukingo wake ukabanduka, akaubandika tena kwa alichokuwa nacho nyumbani. Sisimizi hawali gundi ya ofisi. Wanakula unga. Walikuwa wakila sandukuni, na walikuwa wakila ukutani, kwenye ile picha ya wasichana.

"Kamlete mwalimu," akasema. "Na kabla hujaniambia, najua. Hataingia. Atakaa nyuma ya jiko, ukuta katikati."

* * *

Jiko lilikuwa la matofali ya udongo, na kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na kidirisha cha kutolea moshi, kidogo, juu kuliko kichwa cha mtu. Jonah aliketishwa chini yake kwenye jiwe, nje. Kalunde alikuwa ndani. Muthoki alisimama kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo aliweza kuwaona wote wawili, na wao hawakuonana.

Waithaka alianza na wa nje.

"Skrubu ni zako."

Jonah hakubisha. "Ni zangu."

"Ulitaka kadi ya themanini na saba."

"Kesho ingechomwa. Sheria niliiandika mwenyewe: hakuna kadi itakayorudi kwa mtu. Nimewanyima watu mia mbili, nijipe mimi?" Akasugua magoti. "Ni kitu cha mwisho alichoandika, Inspekta. Alikuwa mtu wa kuongea, hakuwa mtu wa barua. Niliitafuta, nikarudia, haikuwemo. Nikafikiri nimekuwa kichaa."

"Ungemwomba mwenye ufunguo."

"Kupitia kwa nani?" Jonah akasema. "Kila neno langu kwa huyo mama lilipelekwa na Mbinya. Mjumbe alikuwa yeye."

Waithaka akazunguka nyumba, akaingia jikoni. Alikuta Kalunde ameshasimama. Alikuwa amesikia, ukuta wa jiko ni wa kuzuia macho tu.

"Mzee, usimpeleke," akasema. "Hiyo kitu hakuchukua yeye."

Alitoa kibuyu kwenye rafu, kile cha mbegu, ambacho hakuna mtu anayekigusa kabla ya mvua. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kunde na majivu vikamwagika, na katikati ya majivu ikatoka kadi iliyokunjwa mara mbili.

"Niliichukua wiki ile ya mazishi," akasema. "Ufunguo ulikuwa mfukoni, hata sikujua miguu imenifikisha kanisani. Nikajua ni yake kwa wino. Zingine zote za buluu, nyeusi. Yake ya kijani. Kalamu hiyo alipewa na..." Akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa nyuma, kwenye kidirisha.

"Ameandika nini?"

Kalunde akamtazama kama mtu aliyeulizwa umbali wa mbingu.

"Mzee, mimi sikwenda shule. Maandiko nayajua kwa kichwa. Barua alikuwa akinisomea yeye."

"Miezi mitano hujui imeandikwa nini?"

"Ningempa nani? Ningesema nimeitoa wapi?"

Waithaka alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hii, na alikuwa na namna yake: jambo likiwa gumu, aliandika. Akatoa daftari, akaandika kwa sauti ili ukuta nao usikie. Kwamba sanduku la shindano lilifunguliwa na mwenye ufunguo, na baadaye na mwenye sanduku. Kwamba hakuna kadi iliyobadilishwa wala kuongezwa. Zilizobaki, mia mbili na kumi na tatu, zinaweza kusomwa kesho mbele ya watu, na watu waambiwe ukweli wote. Kwamba mlalamishi, Bwana Ng'ang'a, ataombwa kueleza kadi ya mke wake au kuondoa mashtaka, na Inspekta anaamini ataondoa. Kwamba kadi namba themanini na saba ni kielelezo cha polisi, na kielelezo cha polisi hakichomwi.

Halafu akatoka nje, akampa Muthoki ile kadi. "Mpe mwalimu. Mwambie akusomee. Wewe."

Muthoki akaelewa. Akaenda nyuma ya jiko, akainama, akampa Jonah kadi, akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Mwalimu, macho yangu leo ni mabaya. Nisomee mimi."

Jonah aliifungua. Majivu yakamwangukia suruali. Akayapangusa, akasoma, uso ukiwa umeelekea kwa konstebo na sauti ikielekea kwenye kidirisha.

"Mbinya Ndululu, Tulia. Wa kwanza, Kilisa. Wa pili, Utuneni. Wa tatu, Ithumbi. Wa nne, Mwanyani. Wa tano, Kyandoo. Wa sita, Ngangani." Akapumua. "Swali la mwisho. Timu bingwa itafungwa mabao mangapi? Jibu: Mawili. La tatu watasema liliingia, lakini nilikuwa nimelidaka."

Ndani ya jiko kitu kikaanguka, labda uteo. Halafu ikasikika sauti ambayo Waithaka kwanza alifikiri ni kilio. Kalunde alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ikawa kilio, na hakuna aliyeweza kusema ni wapi ilipogeukia.

Baadaye sauti yake ikaja, karibu sana na ukuta.

"Konstebo. Muulize. Alipata?"

Muthoki akamgeukia Jonah, ingawa hakukuwa na haja. "Anauliza kama alipata."

Jonah akairudia orodha kwa macho. Msimamo wa mwisho wa ligi aliujua kama jina lake. Alikuwa ameuandika mwenyewe kwa chaki kwenye ubao wa kanisa. Utuneni, Ithumbi, Mwanyani, Kyandoo, Ngangani. Na Kilisa, mabingwa wa miaka miwili, wamefungwa mabao kumi na tisa tangu Machi, wa mwisho kabisa. Hakuna hata chuo kimoja kilichokuwa mahali Mbinya alipokiweka. Katika kadi zote mia mbili na kumi na nne, hakukuwa na iliyokosa kama hii.

Waithaka akapiga hatua mbili, akainama juu ya bega lake. Aliweka kidole gumba juu ya neno la kwanza kwenye orodha, lile la Kilisa, akalifunika.

Jonah akatazama kilichobaki. Wa kwanza Utuneni. Ithumbi. Mwanyani. Kyandoo. Ngangani. Kama ilivyo ubaoni.

Akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mwambie," akamwambia Muthoki, "mwambie alikosa moja tu."

Moshi ukawa unatoka kidirishani pole pole juu ya kichwa cha mwalimu.

"Konstebo," akaita Kalunde. "Mwambie asome tena."